Pindo

Gauni la kwanza nililomshonea
nililishona jipya, kisha nikalichana.
Mwongozaji alitaka yatima,
nami nikakaa kibarazani, Barabara ya Kumi na Tatu,
nikisugua kitenge kizima kwa jiwe la kusugulia miguu
mpaka kikafanana na njaa.
Wapita njia wakashusha mguu kwenye baiskeli:
Bi Mwanatumu, umegombana na nguo?

Saumu alikuwa na miaka saba,
binti Shekiondo, yule karani wa mizani kiwanda cha katani.
Kwenye mchezo aliitwa Kidawa.
Kidawa alilia kila Alhamisi, saa tatu kasorobo usiku,
na Ngamiani nzima ikalia naye,
hata Bawaziri muuza saruji, asiyesamehe deni,
alipangusa macho kwa kofia.
Asubuhi namwona Kidawa yule yule
anakula embe ng'ong'o kwa pilipili,
anacheka mpaka anapaliwa.

Kosa lake lilikuwa moja: alikua.
Msimu wa pili nikakunjua pindo.
Wa tatu nikakunjua tena.
Wa nne pindo likaisha, nikaunga kipande.
Mwongozaji akasema, mshonee pana,
mabega yaning'inie, aonekane mdogo.
Nikashona gauni la kumficha mtoto ndani ya mtoto.
Msimu wa tano wakaja kulichukua gauni
bila yeye.
Kidawa mpya alitoka Muheza, miaka sita.
Ikabidi nilipunguze.

Hakulia. Nilingoja alie, nakiri,
nilishazoea kumtazama akilia vizuri.
Akavuta kigoda, akaomba kalamu,
akaanza kuandika kwenye daftari langu la vipimo.
Nikilifungua leo nasoma:
Mama Zawadi, kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na nne,
halafu, kwa mwandiko unaolalia kushoto,
*machozi mliyonikopesha nimeyarudisha,
nipeni risiti,*
halafu Bi Mgeni, sketi ya solo, amelipa nusu.

Wimbo ule aliurekodi Makorora,
nyuma ya duka la pampu za maji,
chumba kimezibwa kwa magodoro ya sufi.
Fundi mitambo alisimamisha mara nane
kwa ajili ya jogoo wa jirani.
Mara ya tisa wakamwacha jogoo.
Sikiliza mwishoni kabisa: yumo.

Mkwakwani, mwaka juzi, watu walijaa hadi juu ya ukuta.
Nilikuwa nyuma ya jukwaa na sindano mdomoni,
zipu imekataa.
Wakaanza: Ki-da-wa! Li-a! Ki-da-wa! Li-a!
Watu wazima, wenye watoto mabegani.
Akanyoosha mkono, ngoma zikanyamaza.
"Kidawa yuko nyumbani, analala mapema.
Mimi naitwa Saumu."
Wengine walicheka. Wengine waliendelea kuita.
Mmoja akatupa chupa, na maji yake yote ndani.
Akaimba. Katikati ya ubeti wa pili
sauti ikamkatika,
na mimi, niliyemjua tangu meno ya utoto,
sikujua ile ni kazi au ni yeye.

Jumanne alikuja. Ana safari ya Mombasa,
anataka gauni la kijani, lisilobana kwapa
kwa sababu akiimba hunyanyua mikono.
Nikampima: bega, kifua, kiuno, urefu.
Miaka ishirini na moja, mfupa umeshatulia.
Akasema, Bi Mwanatumu, niachie pindo.
La nini, mwanangu, na umeshakoma kukua?
Akaitazama cherehani. Hakunijibu.

Nimeacha vidole vinne.
Pesa ya vifungo bado namdai.